Pasi ya Mkaa Kwenye Shingo ya Darubini

Nyie watu mna tabia moja inayochosha. Mtu akianza jambo jipya, hata hajapata nafasi ya kulikosea, mmeshamuuliza: "Sasa hiyo itakusaidia nini?" Mngekuwa mnajiuliza hivyo kila mnaposhika simu, tungekuwa mbali.

Yupo fundi cherehani mmoja, wateja wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Anashona kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake. Cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa ya dada, anayewapigia watu nguo, vitambaa mpaka darini. Siku moja akarudi kutoka mitumbani amekumbatia darubini yenye miguu mitatu, kama mtu aliyeokota mtoto.

"Hilo bomba la nini?" dada akauliza.

"La kupigia picha mwezi."

"Mwezi umeleta nguo gani hapa?"

Wateja nao wakapata la kusema. "Sindano, blauzi yangu ipo, au umeshaipeleka huko juu?"

Akawajibu na pini mdomoni: "Iko juu. Panda ukaichukue."

Akaisimamisha kwenye paa la zege, pale wanapoanika nguo. Shida ikaanzia shingoni. Ile shingo ya chuma inayobeba darubini na kuigeuza ilikuwa nzito, inalia kama mlango wa stoo. Sasa fundi cherehani akisikia chuma kinalia anafanya nini? Anatia mafuta! Akafungua skrubu, akafuta grisi nene yote akidhani ni uchafu, akamimina mafuta ya cherehani mpaka yakachuruzika. Shingo ikawa laini. Laini mno. Akielekeza darubini juu na kuiachia, inainama taratibu, inaishia kutazama ndoo ya maji. Kumbe ile grisi ndiyo iliyokuwa inaishikilia. Na chuma cha kusawazisha uzito upande wa pili hakikuwepo tangu mitumbani.

"Hata yenyewe imechoka," dada akasema. "Sikiliza, mdogo wangu. Fundi friji anaitaka hiyo miguu afungie feni. Jumamosi jioni anakuja. Nipe picha moja, moja tu, ambayo mtu akiiona haulizi ni kitu gani. Huna, inaondoka."

"Darubini ni yangu."

"Na nyumba ni yangu."

Hapo utabisha nini?

Sindano akabisha kwa mikono. Akashona mfuko wa jinzi na lastiki, akaifunga simu kwenye jicho la darubini. Simu ikaongeza uzito, darubini ikazidi kuinama. Akaishikilia kwa mkono. Picha zikatoka mistari myeupe tu, kama uzi uliofumuka. Mteja mmoja akaitazama moja akacheka: "Umepiga taa ya pikipiki?"

"Ndiyo. Yako, unavyolikimbia deni langu."

Jumamosi ikafika. Jua linazama, nusu mwezi uko juu ya paa, na fundi friji yuko chini na spana yake. Sindano akaitazama darubini inavyoinama. Akawaza gauni. Gauni likivuta upande mmoja, hulilaumu. Unalitia uzito upande wa pili. Akashuka mbio, akamwaga mkaa wa pasi, akapanda nayo, akaifunga kwa utepe upande wa pili wa shingo. Akaivuta nyuma kidogo. Mbele kidogo. Akaachia.

Ikatulia.

Akabonyeza simu, mwezi ukatetemeka. Akasonya. Akachomeka hedifoni, akabonyeza kitufe kilicho kwenye waya, ambacho pia hupiga picha, bila kugusa kitu kingine. Akapiga.

"Pasi yangu iko wapi? Nina suruali ya mtu chini!" Dada huyo, anapanda ngazi, fundi friji nyuma yake. Akasimama. "Weee! Umeinyonga pasi yangu?"

Sindano akaichomoa simu kwenye mfuko wa jinzi, akaisogeza pasi kidogo darubini isiinuke, akamnyooshea dada. Nusu mwezi, na kwenye ukingo wake mashimo, moja baada ya jingine.

"Ina ukungu," dada akasema.

"Ukungu ni wa simu. Mashimo ni ya mwezi. Toa jicho kwenye simu, weka hapa."

Dada akainama. Akafumba jicho moja, akashika magoti. Halafu akashtuka: "Umekimbia!"

"Haujakimbia. Dunia ndiyo inazunguka. Zungusha hicho kifundo cha shingoni, ufuate. Polepole, kama unapinda pindo."

Akazungusha. Akaupata. Akakataa kutoka.

"Mama," fundi friji akakohoa, "nifungue miguu?"

"Ufungue nini? Huoni pasi yangu imefungwa hapo?"

Kwa hiyo darubini ipo. Ila kila jioni wawili hao wanaigombania pasi: mmoja ana suruali za watu, mwingine ana mwezi, na hakuna anayekubali kushindwa. Sasa wewe unayesoma, kama una pasi ya mkaa iliyopasuka inayokaa uvunguni bure, mpelekee Sindano. Mkabidhi, uondoke. Na usimuulize itamsaidia nini.