Mpishi na Upawa

Mie Tunu ndiye niliyekuwa nikishangiliwa Temeke nzima enzi za lelemama, ngoma yetu ya wanawake, wala wimbo hata mmoja haukuwa wangu. Leo nasema. Zote zilikuwa za Thuraya, mke wa Zahor mwenye duka.

Thuraya alizaliwa Mjerumani bado anatawala, akalelewa ndani, akaolewa ndani. Zahor hakumnyima kitu ila mlango. "Mke wangu aimbe mbele za watu? Siku hiyo namwacha," alisema, na hakuwa mtu wa maneno mawili.

Basi mwanamke yule hakutulia. Anakaa, anainuka, anapepeta mchele, vidole vinagonga ungo. Mie nikienda uani kwake kusukwa, ananiimbia mpaka nakariri. "Tunu, usije ukaniharibia," ananibana mkono mpaka unauma. "Mie sina kingine duniani."

Mwaka wa hamsini na moja akanipa huu:

*Mpishi yumo jikoni,*
*sifa kapewa upawa.*

Upawa ni nani, nilijua. Uliniuma, wallahi! Ijumaa uwanjani, ngoma imekolea, nikasimama nikaimba:

*Upawa umo jikoni,*
*sifa kapewa mpishi.*

Ulimi uliteleza? Niliwaambia hivyo. Mwongo mie! Wenzangu wakaitikia, vigelegele juu, na kufika Jumatatu mtaa mzima unaimba hivyo hivyo.

Hata Zahor. Nipo dukani napimiwa sukari, naye anauimba ule wa kwangu, kichwa anakitikisa kwa raha. Nyuma ya pazia nikasikia ungo umeanguka. Moyo paa! Nikakohoa, nikaulizia mafuta ya taa, nikapiga makelele makusudi. Wapi!

Pazia likafunguka. Thuraya, kichwa wazi, mbele ya wateja, akauimba ulivyotungwa, mwanzo hadi mwisho. Sijapata kusikia sauti kama ile.

Zahor mkono umemganda juu ya mizani. "Nani kakufundisha?"

"Anifundishe nani kitu changu?"

Kabla ya adhuhuri alikuwa kashaachwa. Alitoka na kasha moja, akaja kubisha hodi kwangu. Nikamwomba radhi. Aliuliza tu, "Ijumaa mnaanza saa ngapi?"

Ijumaa hiyo alisimama yeye katikati. Mie nikarudi nyuma kwa waitikiaji, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, machozi yananitoka: *sifa kapewa upawa.*