Maji Niliyosema Nimechemsha

Nilisoma mpaka darasa la sita, nikaacha ili nivushe watu kwa mtumbwi kati ya Lubunga, ng'ambo ya mto, na mjini. Hata hivyo, kuna wiki moja ambapo wanafunzi wa udaktari walinisoma mimi. Nilikuwa nimelazwa kwa tifoide, homa ya matumbo, na profesa wa magonjwa ya kuambukiza alinipenda. Alisema homa yangu inafuata kitabu. Shuleni sikuwahi kusifiwa hivyo.

Siku ya mtihani aliniinamia. "Papa, wanafunzi wawili watakuja kukupima. Ujibu kila wanachouliza, lakini usitaje jina la ugonjwa."

Niliahidi. Nilijiona mtu mkubwa.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Hakunisalimia. Alihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, akabonyeza chini ya mbavu za kushoto, akauliza homa ilianza lini, basi. Sikumpenda. Lakini mikono yake ilijua kazi, lazima niandike hilo pia.

Wa pili alikuwa binti. Muuguzi alikuwa ameshamnong'oneza jirani yangu wa kitanda, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba binti huyu anarudia mwaka, na akianguka mtihani leo baba yake atamrudisha kijijini kwao, Opala. Binti alisugua viganja vipate joto kabla ya kunigusa. Aliuliza habari ya watoto, ya kazi, ndipo akauliza:

"Na mayi ya kunywa, papa, munatoaka wapi?"

"Tunachemshaka," nikasema. "Kila siku."

Nilisema hivyo kwa nini? Nadhani kwa sababu aliniita papa, yaani baba, kwa heshima, nami nikataka kuistahili. Nyumbani tunachemsha maji ya chai tu. Katikati ya mto, kiu ikinishika, nachota kwa kopo lile lile ninalotolea maji yanayoingia mtumbwini. Nilikuwa nimeahidi nisitaje ugonjwa, na sikuutaja. Kuhusu maji hakuna aliyeniapisha.

Profesa alirudi pamoja nao, akasoma karatasi zao mbele ya kitanda changu. Ya kijana ilisema tifoide. Ya binti ilisema malaria.

"Tifoide niliifikiria," binti akasema polepole. "Lakini papa anachemshaka mayi."

Profesa akavua miwani. Binti alianza kukunja karatasi yake ndogo, ndogo zaidi. Mimi niliiona Opala.

"Profesa," nikasema, "sichemshaki. Nakunywaka ya mto. Na kopo ya kutolea mayi ndani ya pirogi."

Wodi nzima ikacheka. Jirani yangu akasema, "Sasa tunajua kwa nini kitabu kilimupenda."

Profesa hakucheka. Alimuuliza binti, "Bon. Kwa nini ulimuamini?"

"Kwa sababu iko papa, mutu mukubwa."

"Na mapigo yake? Ulihesabu?"

"Nilihesabu. Yalikuwa ya pole, na homa iko juu. Nikaamini mudomo."

"Donc, jina umelisikia, halina kazi tena. Unionyeshe kwenye mwili wake mahali ulipoliachia."

Binti akashika tena mkono wangu, macho kwenye saa. Akaonyesha moyo unaotembea pole wakati mwili unaungua, bandama iliyovimba, ulimi wenye utando mweupe. Mikono yake nayo ilijua kazi.

Kijana akalalamika: "Profesa, papa amemusaidia."

Alikuwa na haki. Nimelifikiria sana neno hilo.

"Papa alimuharibia kwanza," profesa akajibu. Akampitisha binti, kwa pointi chache kuliko za kijana. Nadhani ilikuwa sawa, ingawa mimi si wa kupima.

Kesho yake asubuhi binti alikuja kuniaga. Akaniuliza kama nimekula, kama nimekunywa maji safi. Nikasema ndiyo, na safari hii ilikuwa kweli.

Akatabasamu, akainama chini ya kitanda, akafungua bidoni yangu ya maji na kuinusa.

Sikuudhika. Bon, niliudhika kidogo.