Sura ya Mwisho Kwenye Sanduku la Spana

Kutoka Kitale hadi Nairobi nililala. Kutoka Nairobi hadi Garissa nilisoma, mpaka vumbi likaingia katikati ya kurasa na kila nilipofunua nikahisi mchanga vidoleni. Kwenye daraja la Tana askari walitushusha wote, wakakagua vitambulisho. Mmoja alichambua mkoba wangu akakuta nguo chache na vitabu vinne vya upelelezi, nilivyovinunua kando ya barabara jijini.

"Unaenda kufundisha?"

Nikamwambia naenda kufanya kazi kwenye mashini ya maji.

"Huko utavimaliza kwa wiki moja," akasema. "Halafu utafanya nini?"

Nikavirudisha mkobani. Nilingoja Garissa mpaka malori yakatosha kusindikizwa na polisi, nikapanda juu ya magunia ya sukari pamoja na abiria wengine, tukashika njia ya Wajir. Jua lilituchoma, upepo ukatukausha midomo. Wenzangu waliuliza nimetoka wapi. Nilipowaambia, wakaelezana wao kwa wao, "Ametoka Kenya." Mimi nilidhani bado nimo Kenya.

Niliposhukia hapakuwa mji. Palikuwa na kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mitambo, injini ya dizeli ndani ya kibanda cha mabati, tangi, mabirika ya saruji ya kunyweshea mifugo, na kiduka cha chai. Watu walipaita Mashini, basi. Fundi wa injini alikuwa mtu wa Garissa, mwenye umri wa baba yangu mdogo. Nilimwita adeer, kama Wasomali wanavyowaita ami zao, naye akaniita kijana wa Kenya mpaka siku niliyoondoka.

Yule askari alikosea kidogo tu. Vitabu vitatu vilikwisha kabla sijazoea maji ya chumvi. Huo ndio uliokuwa usomaji wangu tangu shuleni: nilianza na ukurasa wa mwisho nikamjua muuaji, kisha nikarudi mwanzo mbio, nikiruka kila palipoelezwa mvua au bustani. Nilipomaliza sikukumbuka chochote isipokuwa jina la mwenye hatia. Mambo mengi niliyafanya hivyo wakati ule. Kabla sijazoea mahali, tayari nilikuwa nauliza gari la kuondoka.

Kitabu cha nne nilikuwa ndiyo kwanza nimekifungua, hata ukurasa wa mwisho sijauona bado, nimekaa kivulini nikingoja tangi lijae, alipofika mjane mmoja na wanawe na ngamia wao. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ngamia. Alinitazama kwa muda, akamuuliza fundi jambo kwa Kisomali.

"Anataka kujua hiyo ni barua ya nani, ndefu hivyo," fundi akasema.

"Mwambie ni hadithi. Tajiri ameuawa ndani ya nyumba yake, na hakuna anayejua aliyemuua."

Fundi alipomaliza kutafsiri, mjane aliwaachia wanawe kamba, akaketi kwenye ukingo wa birika.

"Mwisho inajulikana?"

"Katika vitabu hivi lazima ijulikane," nikasema.

Mjane akaniambia mwenyewe, kwa Kiswahili chake kisichokuwa na herufi p, "Basi soma. Soma bole bole."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilisoma kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, fundi akapeleka kwa Kisomali, huku akiongeza alipoona pamepungua. Aliona aibu kusema tajiri wa nyumba kubwa namna ile hakuwa na hata mbuzi, akampa ngamia. Papo hapo mjane akauliza ni nani anawanywesha, na mwenyewe amekufa.

Fundi akanigeukia. "Nani anawanywesha?"

"Wewe ndiye uliyewaleta, adeer. Wanyweshe."

Wakati wa ukame ngamia hunywa na kwenda zao, na siku nyingi hupita kabla ya zamu yao kurudi. Kwa hiyo tulisoma sura moja kila walipokuja, halafu nikangoja. Kungoja huko ndiko kulikonifundisha kusoma. Nilikuwa namimina dizeli huku namfikiria mpwa wa marehemu, nafagia mabirika huku nikijiuliza kwa nini mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hata mvua na bustani nilizozoea kuziruka sasa nilizihitaji, kwa sababu mjane aliuliza njia ilikuwa na matope au ilikuwa kavu.

Kule mgeni akifika haachwi na salamu peke yake. Huulizwa habari za alikopita, naye huuliza habari za alipofika: malisho, maji, wagonjwa, waliokufa. Ni wajibu. Sasa katika sura ya tatu yule mpwa alishuka kwenye gari moshi, akaingia ndani, akavua koti na kuomba chai. Mjane akainua mkono nisiendelee.

"Hii kijana hakuuliza habari."

"Hakuuliza," nikakubali.

Alisema jambo refu, na wachungaji wote waliokuwa birikani wakaitikia. Fundi akanitafsiria: "Mtu akifika asiulize habari, basi anazo. Ni yeye."

Kwao kesi ilikuwa imekwisha. Lakini zamu iliyofuata akaja wakili, naye hakuuliza habari. Akaja dada wa marehemu, akapanda ngazi moja kwa moja kwenda kulala. Daktari peke yake ndiye aliyempa kila mtu mkono na kuuliza hali, na mjane akamsifu kuwa amelelewa. Fundi alishika kichwa. "Nchi gani hii? Wote wauaji isipokuwa daktari!"

Siku moja tulipokuwa tunabadilisha mkanda wa injini, fundi alinieleza kwa nini yule mama hakosi sura hata moja. Miaka ya nyuma mumewe alipeleka wanyama sokoni upande wa Liboi, hakurudi. Walipata fimbo yake na kiatu kimoja. Muuaji akijulikana, fundi akasema, jamaa zake wanakaa na jamaa za marehemu, wanalipa ngamia, watu wanakula pamoja, jambo linakwisha. Asipojulikana hakuna wa kukaa naye. "Huyu hajakaa na mtu," akasema, akaendelea kukaza nati.

Tangu hapo sikulichukulia tena kijuujuu lile swali lake, kama mwisho inajulikana. Naye hakuniamini. Mara alinikazia macho nilipokuwa nasoma, akamwambia fundi, "Angalia, macho yake yameshafika mwisho." Niliapa hayajafika. Kiapo hakikumtosha. Aliagiza kitabu kikae kwenye sanduku la spana, na fundi akafunga ufunguo katika pindo la kikoi chake. Nikawa siwezi kukisoma bila yeye kuwapo. Nilinung'unika wiki ya kwanza. Ninamshukuru mpaka leo.

Nimehama mara nyingi tangu wakati ule na nimevuka miaka arobaini, bado nasoma hadithi za upelelezi kama alivyonifundisha. Sura ya mwisho naibana kwa kibanio cha nguo. Nasoma sura moja kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, kisha nakifunika kitabu na kwenda kutafuta kazi ya mikono. Na kila mtu anapoingia kitabuni natazama kwanza kama ameuliza habari.

Tulikuwa tumebakiza sura ile moja mvua iliponyesha. Ilinyesha vizuri, alhamdulillahi, mabwawa yakajaa, majani yakaota hadi mlangoni kwetu. Ngamia hawakuhitaji tena maji yetu. Mashini ikazimwa, mabirika yakakauka, na mimi, msaidizi wa fundi, nikawa sina kazi. Nikaambiwa pikapu inayoleta vipuri itanichukua. Fundi alinionyesha ufunguo. "Nikufungulie usome mwenyewe?"

Nikakataa, ingawa mkono uliniwasha.

Siku ya pikapu, dereva alikataa kuzima gari. Starta ilikuwa imekufa, akasema, likizimwa ni kusukuma, na yeye ana haraka ya kuwahi msafara. Nilikuwa nimeshatupa mkoba nyuma nilipomwona mjane akija kwa miguu, bila ngamia, shuka yake imelowa hadi magotini. Habari za pikapu zilimfikia huko malishoni, sijui kwa njia gani. Hakunisalimu hata mimi. Alielekeza kidole kwenye sanduku.

"Fungua."

"Mama, gari linanguruma!" dereva akasema.

"Wewe nyamaza, gari lako halijafiwa," fundi akamjibu, naye tayari anafungua pindo.

Nilisoma nimesimama. Baada ya ukurasa wa kwanza dereva alitoa kichwa dirishani kusikia vizuri. Baada ya wa pili akauliza huyo wakili ni nani. Wa tatu ukampata ameshazima gari na kushuka.

Alikuwa daktari.

Fundi alipotafsiri, mjane alifunika mdomo kwa shuka. "Mwenye adabu?" Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka hivyo, mpaka akajifuta macho, na akaendelea kuyafuta alipokwisha kucheka.

"Na ile kijana ya gari moshi?"

"Hana kosa, eedo." Eedo ni shangazi, na ndivyo nilivyomwita.

"Afungwe na yeye bia," akasema. "Hasalimii watu."

Kisha akakaa kwenye ukingo wa birika kavu, pale pale alipokaa siku ya kwanza, mikono mapajani. Dereva hakuitaja tena haraka yake.

"Imejulikana," akasema.

"Imejulikana, eedo."

Kitabu nilikirudisha sandukuni. Tukalisukuma gari, fundi upande mmoja, mimi upande wa pili, mjane katikati akilikemea kama ngamia mkaidi. Lilipowaka nilirukia nyuma, na dereva hakuthubutu kupunguza mwendo. Nilimsikia mjane akinipigia kelele juu ya mlio wa injini: "Huko unakwenda, uliza habari kwanza!"

Nilimpungia mkono mpaka kibanda cha mabati kikapotea nyuma ya vichaka vibichi.