Ufunguo Kiunoni mwa Baba

Mama alikuwa na mke mwenza wa chuma. Ndivyo alivyouita ufunguo wa benki ambao Baba aliufunga kiunoni kwa ukanda wa ngozi, chini ya shati, tangu alipofanywa meneja wa tawi pale Shinyanga hadi alipostaafu. Alilala nao, akaoga nao, akaenda nao kanisani. Mama akitaka kumchokoza alimuuliza mezani kama bibi mdogo ameshakula. Baba alicheka kidogo na kuendelea na ugali wake.

Mlango wa chumba cha hazina ulikuwa na matundu mawili. Ufunguo mmoja alikaa nao meneja, wa pili keshia mkuu, na mmoja bila mwenzake haukufungua kitu. Sharti lilikuwa kwamba ufunguo hautoki kwa mtu kwenda kwa mwingine mpaka aje ofisa wa juu kushuhudia. Hata mke hakuruhusiwa kuushika. Watu mjini walidhani kazi ya Baba ni fedha. Sisi nyumbani tulijua kazi yake ni kutotenganishwa na kile kipande cha chuma, na aliifanya kwa ukaidi ambao baadaye mimi niliurithi, wanasema.

Lakini ukaidi wake mkubwa ulikuwa juu yetu. Mchana alirudi kula nyumbani, hata jua liwe kali namna gani. Jumapili jioni alipiga pasi sare zetu zote kwa pasi ya mkaa, kwa sababu marinda ya Mama, alisema, yanakwenda upogo. Wanaume wenzake walimcheka. Aliwaacha wacheke, akaongeza mkaa.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mama alikuwa mjamzito, akaenda kujifungulia kwao, upande wa Kishapu, kwa sababu Bibi mzaa mama alikuwa mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji kile. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye. Kila Jumamosi benki ikishafungwa Baba alidandia lori, akashukia barabarani, akachukua baiskeli aliyoiacha kwa mwenye duka, akaja kutuona. Jumapili alasiri aliondoka, maana Jumatatu asubuhi bila yeye mlango ule haufunguki.

Bibi hakuwahi kumsalimu uso kwa uso. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, wala hawatazamani machoni. Kengele ya baiskeli ikilia, Bibi alitokea mlango wa nyuma na kuniita nimpelekee mkwewe maji ya kunawa. Kama ana la kumwambia, alilisema akiwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sauti kubwa, kana kwamba anazungumza na kuku. Baba, Mnyamwezi aliyelelewa hivyo hivyo, alijibu akitazama upande mwingine. Miaka yote niliyowajua walipendana sana kwa mtindo huo.

Jumapili moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mto uliokuwa kati yetu na barabara, ambao kiangazi ni mchanga mtupu, ukajaa. Alasiri ile ile Mama akashikwa na uchungu. Baba hakuondoka. Kulipokucha Jumatatu mtoto alikuwa bado hajazaliwa, na sauti ya Mama ilikuwa imekauka.

Ndipo Bibi alipotoka kwa mlango wa mbele. Kichwa chake kilikuwa wazi. Akaenda moja kwa moja mpaka alipokaa Baba, akamtazama usoni.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mikono yangu imefika mwisho. Anataka daktari."

Wajomba zangu wote wawili walisimama. Walipomwona mama yao anazungumza na mkwewe hivyo, walielewa kwamba dada yao anakufa. Mimi pia nilielewa.

Wakafunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni, wakapakia kitanda cha kamba na Mama juu yake. Mjomba mkubwa akamvuta Baba pembeni.

"Shemeji, leo ni mwisho wa mwezi. Walimu wanangoja mshahara pale mlangoni. Wewe tangulia. Ukiwa peke yako utavuka upesi. Dada tutamleta sisi."

Baba akatikisa kichwa.

"Basi tupe huo ufunguo, mmoja wetu aukimbize kwa baiskeli. Kazi utaipoteza, shemeji."

"Ufunguo hauvuki bila mimi," Baba alisema. "Na mimi sivuki bila yeye."

Hakupandisha sauti. Alisema kama anavyotaja saa ya kufungua benki, kisha akaenda mbele kuwashika ng'ombe. Mama alimsikia. Alifumbua macho, akauliza, "Na bibi mdogo naye anakuja?" Baba akajipigapiga kiunoni kumwonyesha kwamba yupo.

Udongo wa mbuga ukishalowa hautembeki. Ulitukamata magurudumu kila hatua, na tulipofika mtoni ng'ombe waligoma kabisa. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, lakini bado yalikuwa na nguvu na rangi ya kahawa. Wajomba wawili na majirani wawili waliotusindikiza walikiinua kitanda mabegani, wakaingia. Walipofika katikati, Mama akapiga ukelele.

"Mayu!"

Alikuwa anamwita mama yake. Bibi alikimbilia ukingoni, akasimama. Alikuwa mfupi, na maji yale yangempeleka hadi asikokujua. Wanaume wenye nguvu walikuwa chini ya kitanda. Ukingoni tulibaki Babu, aliyekuwa akitembelea fimbo, mimi, na Baba.

Baba akavua viatu, akanivisha shingoni kwa kamba zake. Akageuza mgongo, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, panda."

Bibi hakusogea. Najua watu wa leo wataona ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Mwanamke yule aliona aibu hata kivuli chake kumwangukia mkwewe. Babu akageuka kuwatazama ng'ombe, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Mama akaita tena, na safari hii sauti ilikuwa ndogo zaidi. Bibi akajifunika kanga uso mzima, akapanda.

Mimi nilishika ukanda wa Baba kwa nyuma. Maji yalinifika kifuani, yakanivuta. Chini ya vidole vyangu niliusikia ufunguo, baridi, umekazwa pale pale. Nilijiambia kwamba maji yale hayawezi kukichukua kitu kilichoshikamana na Baba, na mimi nimeshikamana naye. Nikakaza. Ng'ambo, Bibi aliteremka kabla hatujatoka vizuri majini, akakimbilia kitandani kwa mwanawe.

Lori la kuchukua pamba lilitupeleka hospitali mjini. Baba alikaa barazani, matope yakimkaukia miguuni, hadi muuguzi alipotoka na kusema mama mzima, mtoto wa kiume mzima. Alilia wazi, mbele ya watu. Kisha akasimama na kwenda benki, peku, kwa sababu viatu bado vilikuwa shingoni mwangu. Adhuhuri ilikuwa imepita. Walimu walikuwa bado wapo, na keshia mkuu ameshika ufunguo wake mkononi, hana la kuufanyia.

Wakubwa wake hawakutaka kusikia habari za mto. Wakamhamishia Geita, tawi dogo lenye wachimbaji wa dhahabu wenye vumbi hadi kwenye kope, na wengi walimshauri atuache Shinyanga kwenye nyumba nzuri. Alitupakia sote. Kijijini nako wazee walimtoza faini ya ng'ombe kwa kumbeba mama mkwe. Alilipa bila kubisha. Bibi alimwambia "Wabeja", yaani asante, kutokea nyuma ya ukuta wa jiko.

Baba alistaafu, tukarudi Shinyanga, na mwishoni mwa miaka ya themanini aliugua ugonjwa wa mwisho. Akili ilikuwa inakuja na kuondoka. Mchana kutwa mikono yake ilipapasa kiunoni, haikukuta kitu, akahangaika, akataka kuinuka. Dawa hazikumtuliza. Mama alimtazama hivyo siku kadhaa. Kisha akachomoa ufunguo kwenye mlango wetu wa mbele, akautia kamba, akamfunga mumewe kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

Baba akaushika. Akatulia, kisha akakunja uso.

"Na wa pili? Nani anao?"

Mama akainua upindo wa kanga. Alikuwa amejifunga mwenzake, ule wa akiba.

"Ninao mimi," alisema. "Mlango haufunguki mpaka tuwe wote wawili."

Baba akalala usingizi mzuri mchana ule, na siku zilizofuata pia. Alipofariki, Mama alikataa afunguliwe kamba ile, na mdogo wangu wa kiume, yule wa mtoni, akahakikisha hakuna aliyeigusa. Ule wa pili Mama bado anao kiunoni. Nyumba tunaifunga kwa komeo.