Siku Niliyomnyima Mke Wangu Maji

Mimi na mke wangu tulihamia Eldoret kutoka upande wa magharibi, yeye mwalimu wa shule ya msingi, mimi karani katika ghala la mahindi. Kwa miaka mingi tuliwatazama tu majirani wakikimbia. Pale mtaani kwetu Pioneer, ukitoka asubuhi kufuata maziwa unapishana na vijana wembamba wanaopita bila hata kuhema, na hakuna anayegeuza shingo. Sisi tulikuwa watu wa kutembea hadi kanisani na kurudi.

Mambo yalibadilika mke wangu alipopewa kazi ya kuwapeleka wanafunzi kwenye kidimbwi cha kuogelea cha hoteli moja mjini. Alianza kwa kukaa pembeni na taulo mapajani. Muhula ulipokwisha alikuwa akiogelea vizuri kuliko wanafunzi wenyewe. Mimi nilijifunza kuogelea mtoni nikiwa mtoto, kwa hiyo nikaanza kumfuata Jumamosi. Hapo kidimbwini tukakutana na mama mmoja wa rika letu aliyewahi kukimbia mbio ndefu na sasa anafundisha watu wazima mazoezi. Ndiye aliyetuambia kuhusu triathloni: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, yote siku moja bila kupumzika.

"Hiyo ni ya wazungu," nilisema.

"Ni ya mtu yeyote mwenye subira," akajibu. Akawa kocha wetu.

Subira ndiyo iliyonishinda kwanza. Siku moja ya Desemba tulitoka na baiskeli kuelekea Cheptiret. Nilikuwa nimekunywa chai tupu. Vijana wawili wakanipita kwa baiskeli zao nyembamba, nami nikaona haya, nikawafukuza kilima baada ya kilima. Karibu na Cheptiret miguu ilizimika. Sina neno lingine. Nilishuka, nikaketi kwenye nyasi kando ya vibanda vya viazi na kabeji, nikashindwa hata kufungua mfuko wangu mwenyewe. Mke wangu alinikuta nikitazama gurudumu kama mtu asiyejua ni kitu gani. Alininunulia ndizi mbivu na soda, akanilisha mdomoni mbele ya wachuuzi, nao wakacheka.

Yeye hakucheka. Usoni mwake niliona woga ambao sikuwa nimeuona tangu mtoto wetu wa pili alipozaliwa kabla ya wakati.

"Baba watoto," aliniambia tuliporudi nyumbani, "kuanzia leo chakula ni mimi."

Na kweli kikawa yeye. Alikatakata nduma zilizochemshwa zikawa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Alipaka chapati asali, akazikunja na kuzifunga kwa karatasi ya alumini. Saa yake ya mkononi aliitegea mlio, na kila ilipolia tulitafuna, tuwe na njaa tusiwe nayo. Kocha alimwambia atayarishe pia chupa yenye maji, ndimu, sukari na chumvi, akafanya hivyo. Ila woga ule wa Cheptiret haukumtoka. Aliamini kwamba mwili unaweza kukuishia njiani kama tangi, na dawa aliyoishika kuliko zote ilikuwa maji. Alikunywa kabla ya mazoezi, katikati na baadaye. Nami nilimsifu. Nani angemlaumu mtu kwa kunywa maji?

Shindano lilikuwa Februari, kwenye shamba kubwa la ngano nje ya barabara ya Kitale. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ardhi imebaki na mabua makavu na vumbi, na jua la kiangazi lilipanda mapema. Tuliogelea kwenye bwawa la shamba. Maji yalikuwa baridi na ya rangi ya udongo, na watu walipoingia kwa pamoja nilipigwa teke la taya nikameza funda zima. Nilipoinua kichwa kumtafuta mke wangu niliona kofia nyingi tu zikielea. Sikutulia mpaka nilipotoka upande wa pili na kumwona amesimama kwenye matope kando ya baiskeli yake, anafuta miguu, anakunywa maji.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba kwenye baiskeli yeye ataongoza, nami nitafuata nyuma kwa umbali unaoruhusiwa, nisimpite hata iweje. Kocha ndiye aliyeshauri hivyo, kwa sababu alinijua. Na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu siku ile. Watu walitupita mmoja mmoja, mpaka akatupita babu mwenye mvi. Miguu yangu ilikuwa na nguvu, ikinililia niiachilie. Nilikaza meno nikautazama mgongo wa mke wangu.

Barabara ya kutoka shambani ilikuwa ya mawe kabla ya kufika lami, na huko ndiko ile chupa yake ya chumvi ilikoruka. Hakuna aliyeiona. Alishtukia ametia mkono mahali patupu, tayari tukiwa mbali.

"Chukua yangu," nilimwambia kwa sauti.

"Wewe ndiwe wa kuzimika, kunywa!" akanijibu. "Mimi nitapata maji vituoni."

Vituoni kulikuwa na maji matupu na ndizi. Ndizi alizikataa. Maji alichukua chupa mbili kila mara, moja ya kunywa papo hapo, nyingine ya njiani. Tulipogeuka kwenye mji mdogo wa Moi's Bridge, kwenye foleni ya malori ya mahindi, lami ilikuwa ikitupa joto usoni. Wakati wa kurudi upepo ulitukabili. Saa yake ililia, hakutafuna. Ikalia tena.

"Kula!" nilipiga kelele.

"Tumbo limejaa kama ngoma," alisema bila kugeuka. "Ni maji tu yanayoshuka."

Mbio zilikuwa za kuzunguka shamba kwenye njia ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Mwanzoni alikimbia vizuri, mimi ubavuni. Kisha akaanza kuvuta mkanda wa saa yake.

"Umenibana," alisema. "Nisaidie kuufungua."

Mkanda ulikuwa umezama kwenye nyama ya mkono. Nilipoufungua ulibaki mfereji mwekundu. Vidole vyake vilikuwa vinene, kope zimejaa kama za mtu aliyelia usiku mzima. Alisema kichwa kinamgonga. Kwenye kituo kilichofuata akanywa tena, na baada ya hapo akawa anatembea, miguu ikienda pembeni.

"Darasa la nne wamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Watoto. Niliwaacha hapa hapa kwenye mstari."

Alikuwa akinitazama moja kwa moja, kwa upole, kama anavyomtazama mzazi wa mwanafunzi. Hakunijua.

Nilimshika kiuno nikamburura hadi kituo cha tatu. Palikuwa na wasichana wawili wa kujitolea na mwanamume mmoja mwenye kizibao cha manjano. Mara moja walimkalisha kwenye kreti, wakaanza kumpepea.

"Jua limempiga," alisema mwenye kizibao. "Leteni maji. Mama, kunywa, kunywa."

Msichana mmoja akafungua chupa. Mke wangu akanyoosha mkono. Hapo nikakumbuka maneno ambayo kocha aliyasema mara moja tu, tena kwa kupitisha, tukiwa tunafunga viatu: ukiona vidole vinavimba, acha maji, tafuta chumvi. Sikuuliza kwa nini wakati ule. Sasa nilikuwa nimesimama na neno hilo moja kichwani, na mbele yangu mwanamke anayeomba maji.

"Msimpe," nilisema.

"Nini?"

"Msimpe maji. Amekunywa kupita kiasi."

Mwenye kizibao alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mzee, huyu anakufa kwa kiu! Unataka afe mikononi mwetu?"

"Tazama mikono yake."

"Natazama mtu ameishiwa maji, ndicho ninachotazama!"

Sikuwa na uhakika. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Mimi ni karani, ninapima unyevu wa mahindi, sipimi watu. Kama nilikosea, basi nilikuwa namuua mama wa watoto wangu kwa kiu, mbele ya mashahidi, karibu na ndoo zilizojaa maji. Nilijaribu kufikiri. Mtu aliyekauka hupungua, midomo ikapasuka, macho yakazama. Mke wangu alikuwa ameongezeka. Ile fulana iliyompwaya asubuhi sasa ilimbana mikononi.

"Baba watoto." Alikuwa amenijua tena, ghafla. "Nipe maji. Tafadhali."

Katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akiniomba kitu kwa sauti ile. Nilichukua chupa kutoka mkononi mwa msichana, nikaiweka nyuma yangu.

"Hapana, Mama. Hapana."

Akaanza kulia. Msichana naye akaanza kulia. Mwenye kizibao akanishika bega, nami nikamsukuma. Nikauliza kama kuna chumvi. Yule msichana wa pili alileta karatasi yenye chumvi waliyokuwa wakila nayo mayai ya kuchemsha. Nilikoroga nyingi kwenye maji ya kujaza kifuniko tu, nikamtilia mdomoni kidogo kidogo. Alimeza kiasi, kisha akatapika maji meupe, mengi, mara mbili, mara tatu, hata kreti ikaloa yote. Mwenye kizibao aliyatazama maji yale yakienda kwenye vumbi. Akarudi nyuma hatua moja, akatoa simu kuita gari la wagonjwa.

Mhudumu aliyekuja na gari aliniuliza amekunywa nini na amekula nini tangu asubuhi. Nikamweleza. Alimbonyeza kidole, akaangalia shimo lililobaki, akamwambia dereva, "Twende. Haraka." Tulipoingia lami, mke wangu alikakamaa. Macho yaligeuka, taya ikafunga, mwili wote ukawa unapiga kitanda cha gari. Mhudumu alimlaza ubavu. Mimi nilishika miguu yake, maana ndiyo iliyokuwa karibu nami. Viatu bado vilikuwa na udongo wa bwawa. Nilikuwa nikisema sala, lakini nilikuwa nimesahau maneno, nikarudia tu "Baba yetu, Baba yetu," na magari ya kuingia mjini yalikuwa hayasogei.

Hospitalini walimchukua mbio, wakanifungia mlango. Nilikaa kwenye benchi na nguo za mashindano, namba ikiwa bado kifuani. Kocha alikuja akakaa kando yangu.

Daktari alipotoka alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema chumvi katika damu ilikuwa imeshuka sana, kwamba alikunywa maji kuliko mwili ulivyoweza kuyatoa, na ubongo ukaanza kuvimba. Walikuwa wanamrudishia chumvi polepole kwa mshipa.

"Kama angepewa chupa nyingine pale," alisema, kisha akaangalia faili lake na hakumaliza.

Alizinduka jua likiwa linazama.

"Tulimaliza?"

"Hapana."

"Wewe je?"

"Nilikuwa na wewe."

Alifumba macho, chozi likapita hadi sikioni. "Mazoezi yote yale," alisema kwa hasira. "Ungeendelea angalau wewe."

Mama yake alipiga simu kutoka nyumbani, akaniuliza mbele ya wauguzi tunatafuta nini na umri huu. Mke wangu ndiye aliyeinyakua simu, akasema, "Mama, nitarudi tena," nami nikatoka nje ya wodi nisije nikasema neno baya.

Yeye hakumbuki kituo cha tatu. Nimemsimulia mara moja tu. Hakumbuki kuniomba, wala mimi kumkatalia. Kumbukumbu ile nimeachiwa peke yangu, na kwa miezi mingi, kila alipoinua glasi mezani, mkono wangu ulishtuka. Tuligombana juu ya hilo. "Sitaishi nikihesabiwa mafunda," alisema. Alikuwa na haki. Alikwenda kwa kocha, akajifunza upya: kunywa anapoona kiu, kula chenye chumvi, kupunguza mwendo jua linapokuwa kali.

Kiangazi kilichofuata alishiriki tena. Mimi sikuweza. Nilijaribu kujiandikisha nikashindwa, nikasema goti linauma, naye hakunidadisi. Nilisimama kando ya njia ya murram kuanzia asubuhi, nikila vumbi. Alipotokea kwenye kona mara ya mwisho alikuwa amechoka, usoni chumvi imekauka mistari mistari, akitafuna kipande cha nduma. Nilitazama vidole vyake kabla sijatazama uso. Vilikuwa vyembamba.

"Bado mbali?" aliuliza.

"Karibu," nilisema.

Akapita. Nilitaka kukimbia naye, lakini sheria haziruhusu, basi nikabaki pale nilipokuwa, nikimtazama mpaka akaingia kwenye umati wa watu waliokuwa wakipiga makofi.