Meseji Aliyoiacha Mpwa Wangu

Siku ile ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na haki ya kusema, maana kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake, na mjomba mwenyewe ndiye mimi.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaomba nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi chuo kikuu. Kwenye fomu aliandika namba ya simu yangu. Yeye hakuwa na simu, na mimi nilikaa Newala mjini penye mtandao, yeye na mama yake wakiwa kijijini. Asubuhi moja nafagia chini ya mikorosho, meseji ikaingia: amechaguliwa, na hii hapa namba ya siri, athibitishe nafasi yake kabla ya siku kumi kwisha.

Sikumpa yeye kwanza. Niliipeleka kwa ukoo, kama ilivyo desturi. Tulikutana nyumbani kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, kungwi aliyewacheza unyago nusu ya wanawake wa kijiji kile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Uuguzi! Si ndio hao wanaozalisha?"

"Ndio, mama. Na hilo atafundishwa."

"Mwali niliyemtoa ndani juzi tu, hajazaa hata kifaranga, leo aingie chumba cha uzazi? Ataona nini mle? Na akishaona, yeye atazaa nini?"

Ndugu wakaguna kukubali. Kwetu mwanamke asiyezaa haingii kwa mwenzake anayejifungua. Mama mkubwa akamaliza: azae kwanza, chuo hakihami.

Dada yangu, mama wa binti, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yangu. Akaniinulia uso. "Kaka, wewe ndiye uliyesoma. Neno liko kwako."

Kweli nilisoma. Nilimaliza kidato cha nne katika sekondari ya Chidya, na nilijua vizuri kwamba chuo hakimngoji mtu azae. Niliutazama mkeka, nikasema, "Wakubwa wameshasema."

Siku kumi zikapita. Binti alikuja mara tatu kuuliza, kwa miguu. Mara zote nilimjibu kwamba hakuna kitu, na mtandao wa huku aujua mwenyewe. Mama yake alisikia uongo huo akanyamaza, kwa sababu yangu.

Alikaa nyumbani miaka miwili, akibangua korosho pamoja na mama yake. Mwaka wa pili dada yangu akafa kwa presha. Tukiwa bado kwenye maombolezo, simu yangu ikajaa, ikakataa kupokea rambirambi. Nikampa mpwa wangu anifutie meseji za zamani. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea, yeye ndiye aliyeyajua mambo ya simu, na kwa wakati ule nilisahau kabisa kilichomo ndani. Alikaa nayo kwenye kizingiti kwa muda. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mjomba, nimefuta zote. Moja nimeiacha."

Mwaka huo aliomba upya, kwa simu yake mwenyewe, akachaguliwa tena.

Nayaandika haya kwa sababu ya niliyoyaona baadaye. Nimeishi miaka mingi, nimezika wengi, na nilidhani najua maana ya kumtunza mgonjwa. Sikujua.

Alipokuwa mwaka wa tatu aliletwa pamoja na wenzake kujifunza kwa vitendo katika hospitali moja Masasi. Nikapanda gari na kifurushi cha mihogo mikavu. Nilimwona kupitia dirisha kabla yeye hajaniona: amevaa sare nyeupe, ameshika mkono wa mzee mmoja kana kwamba anapima mapigo ya moyo, lakini macho yake yako kifuani kwa yule mzee. Alipotoka nilimuuliza alikuwa anatazama nini.

"Nahesabu pumzi, mjomba."

"Mbona umemshika mkono?"

"Mtu akijua anahesabiwa pumzi, hapumui tena kama kawaida yake. Kwa hiyo hatumwambii."

Nilirudi Newala nikiwaza hilo njia nzima. Nilizihesabu pumzi zangu mwenyewe kwenye kiti, na kweli, zilibadilika.

Likizo ya mwaka huo ilimkuta mama mkubwa ameanguka kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na mdomo umekwenda upande. Wajukuu walikuwa wakimlaza chali mchana kutwa wakidhani wanampumzisha, na mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka. Mpwa wangu aliingia na begi lake, akaamkia, akaomba ndoo moja ya maji, sabuni na vitambaa viwili. Ndoo moja kwetu si kitu kidogo, maji ya uwanda wa juu tunayapata kwa taabu. Kabla ya kumgusa bibi yake alinawa kwa kikombe kimoja: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kucha, mpaka viwiko, kwa utaratibu kama mtu anayetia udhu. Tone halikupotea bure.

Aliniita nimsaidie kumgeuza. Nilimwona akipima joto la maji kwa kiwiko, akimfunika bibi kwa khanga mwili mzima, kisha akifunua mkono mmoja tu, akauosha, akaukausha, akaurudisha ndani ya khanga kabla ya kufunua mwingine. Bibi yule hakuwa uchi hata mara moja. Ilipofika zamu ya mahali ambapo sipaswi kuwapo, alinitazama mara moja tu, nikatoka.

Nikiwa uani nilisikia sauti ya mama mkubwa, nzito, maneno yakivutwa kutoka upande wa mdomo uliobaki mzima.

"We mtoto. Hujazaa tu?"

"Bado, bibi."

"Na wamekuonyesha wanavyozaa?"

"Nimewapokea kumi na mmoja."

"Wazima?"

"Wote wazima, bibi. Na mama zao."

"Haya. Nigeuze. Na huko nyuma usinikwangue, mimi si muhogo."

"Muhogo haulalamiki hivyo, bibi."

Mama mkubwa alicheka, na kicheko kilipokwisha nikasikia analia. Nilisimama pale uani. Sisi tuliogopa ataona nini. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba huko chuoni kuna mtu anayewafundisha kuutazama mwili wa mwenzao kwa adabu kubwa kuliko tuliyonayo sisi tunaojiita watunza adabu.

Kila baada ya saa mbili alimgeuza. Aliwafundisha wajukuu, akawaandikia saa kwa mkaa ukutani. Jioni alinikalisha kwenye kigoda, akanifunga kipimo cha presha mkononi, akapima, kisha akaweka masikioni mwangu chombo chake cha kusikilizia moyo, na ncha yake ya chini kifuani kwangu. Kwa mara ya kwanza nikausikia moyo wangu. Unagonga kama mtu aliye nje mlangoni.

Akiwa bado ameinama akaniuliza, kwa sauti ileile ya kuuliza umekula nini. "Mama alijua?"

"Alijua. Aliniomba niseme neno, sikusema. Akanifichia aibu yangu."

Alitoa chombo masikioni mwangu, akakikunja, akakitia begini. "Presha yako iko juu, mjomba. Punguza chumvi."

Sasa yuko mwaka wa mwisho. Meseji ile bado imo simuni. Sijaifuta wala sijaifungua. Dada yangu alikufa bila kumwona mwanawe ndani ya sare nyeupe, na tangu kikao kile mpaka anakufa hakula tena chakula nyumbani kwangu. Mpwa wangu ananiamkia, ananipima, ananiletea dawa. Mchumba alipojitokeza mwezi uliopita, barua ya posa ilipaswa kuja kwangu, mjomba wake. Mpwa wangu alimwelekeza aipeleke kwa mama mkubwa, kitandani pale alipo.