Kisasi Ambacho Dada Yangu Hakukiomba

Nimekosa mimi, sina wa kumsingizia. Jina langu liacheni. Wa hapa Tukuyu mkinitambua, basi.

Zamani shemeji yangu alimpiga dada yangu akiwa amelewa, akamvunja mkono. Wazee walikaa, wakamtoza ng'ombe, akaomba radhi mbele ya ukoo wote. Nyama ya suluhu ikapikwa na mimi nikala. Nilikula, lakini moyoni sikumsamehe.

Tangu hapo jamaa aliacha pombe kabisa. Hata msibani hakugusa. Akawa anamchotea mkewe maji, wanaume wenzake wanamcheka. Mimi nilisema anaigiza tu.

Mashirika yalipoanza kubinafsishwa, naye akapunguzwa kazini. Wakahangaika na migomba yao kule Ikuti, mpaka akaomba ukarani kwenye masjala ya siri, ofisi ya serikali, pale yanapotunzwa majalada yasiyosomwa na kila mtu. Kazi hiyo hupewi hivi hivi, lazima ufanyiwe upekuzi. Ndipo maofisa wawili wakanifuata sokoni, kwenye meza yangu ya mitumba.

"Ndugu, tunajua alimpiga mkewe," mmoja akasema taratibu. "Hilo si kikwazo kama kweli amejirekebisha. Wewe ni kaka wa mke. Amebadilika?"

Nikaona Mungu kamtia mkononi mwangu.

"Abadilike wapi? Anakunywa kwa kificho, na dada yangu anapigwa mpaka leo."

Wakashukuru, wakaenda zao. Siku ile niliuza nguo huku napiga mluzi.

Kazi akaikosa. Nikanunua nyama, nikaenda Ikuti kumpa dada habari njema. Nilimkuta anamenya ndizi.

"Nimekulipizia," nikamwambia. "Nimemmaliza yule, ile kazi nimemkosesha mimi."

Akaweka kisu chini. "Kaka, mkono uliovunjika ulikuwa wa nani?"

"Wako."

"Sasa wewe nani alikutuma? Mimi nilishasamehe. Ile kazi ilikuwa ya kuwarudisha wanangu shule. Chukua nyama yako uondoke."

Mnadhani nilitubu? Sikutubu. Nilianza kuomba, tena kwa magoti, shemeji arudie pombe, amguse tena walau kofi moja, ili niliyoyasema yawe kweli. Dada yangu wa tumbo moja, jamani!

Hakumgusa. Yuko Mbeya anapakia mizigo, na hanywi. Dada akija sokoni anasalimia meza zote, yangu anairuka. Nguo za wanawe ananunua kwa jirani yangu, mimi natazama.

Nyie mlioumiziwa ndugu, mkiulizwa habari za mtu, lisemeni kosa lake, na kujirekebisha kwake mkuseme vilevile. Na kabla hujalipiza, muulize kwanza aliyeumia kama bado ana kinyongo.

Mimi sikumuuliza. Na mpaka leo nikiambiwa shemeji hanywi, nakasirika.